Je, pumzi yako inaweza kuonyesha antibiotiki zimefanya nini tumboni mwako?

Umemaliza dozi ya antibiotiki. Koo limepona, au lile jipu limenywea, lakini tumbo nalo limeanza mambo yake. Linaunguruma, linajaa gesi, leo choo kigumu, kesho unakimbia. Unajua kabisa dawa imepita humo na kuna kitu imekiharibu. Ila imeharibu nini hasa, na itachukua muda gani mpaka hali irudi kama zamani?

Kwa kawaida, anayetaka jibu la swali hilo anaambiwa apeleke choo kidogo maabara kwenye kikopo. Lakini kuna njia nyingine ambayo wanasayansi wameifanyia kazi tangu miaka ya 1960, na haihitaji sindano wala kikopo. Unapuliza tu.

Hewa unayoitoa mapafuni inabeba gesi zilizotengenezwa na bakteria wa tumboni. Bakteria hao wakipigwa na dawa, gesi nazo zinabadilika, na mashine inaweza kuona mabadiliko hayo. Shida ni kwamba pumzi hiyo hiyo inaweza pia kumpotosha daktari, hasa kama umemeza vidonge siku chache zilizopita na hujamwambia.

Gesi ya tumboni inafikaje mdomoni?

Kuna jambo moja ambalo ukilielewa, mengine yote yanafuata. Seli za mwili wa binadamu hazitengenezi gesi ya haidrojeni. Si ini, si misuli, si mapafu yenyewe. Hewa tunayovuta nayo ina haidrojeni kidogo mno, chini ya sehemu moja kwa milioni. Kwa hiyo haidrojeni ikionekana kwa wingi kwenye pumzi yako, imetengenezwa na vijidudu wanaoishi ndani yako, na wengi wao wako kwenye utumbo mpana.

Chukua sahani ya maharage. Ndani yake kuna aina za sukari, kama rafinosi, ambazo sisi binadamu hatuna kimeng'enya cha kuzivunja. Zinapita kwenye utumbo mwembamba zikiwa nzima, zinafika utumbo mpana, na huko bakteria wanazisubiri. Wanazichachusha, kama pombe ya kienyeji inavyochachuka kwenye pipa na kutoa mapovu. Kinachotoka ni haidrojeni, kabonidayoksaidi na, kwa baadhi ya watu, methani.

Sehemu ya gesi hiyo inatoka kwa njia unayoijua, tusiongee sana. Sehemu nyingine inapenya ukuta wa utumbo, inaingia kwenye damu, damu inaipeleka mapafuni, na unaitoa nje kila unapopumua. Haina harufu, kwa hiyo aliyekaa pembeni yako hawezi kujua.

Michael Levitt, daktari wa Marekani aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi kuchunguza gesi ya tumbo (ndiyo, kuna watu wanalipwa kwa hilo), alichapisha vipimo vyake mwaka 1969 kwenye jarida la New England Journal of Medicine. Aliona kwamba takriban asilimia 14 ya haidrojeni inayozalishwa utumboni inatoka kupitia mapafu. Ni kidogo, lakini kwa kuwa hakuna kiungo kingine mwilini kinachoitengeneza, asilimia hiyo inatosha kuwa ishara.

Miaka hiyo hiyo, mtaalamu wa lishe Doris Calloway wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikuwa akiwalisha watu maharage na kupima pumzi zao. Mwaka 1972, yeye na mwenzake walichapisha utafiti uliouliza swali letu moja kwa moja: antibiotiki zinaifanya nini gesi inayotokana na maharage? Kwa maneno mengine, wazo lenyewe lina zaidi ya miaka 50. Kipya ni mashine, ambazo zimekuwa ndogo na rahisi kutumia.

Unavyopimwa

Usiku wa kuamkia kipimo unakula chakula chepesi kisicho na nyuzinyuzi nyingi, kwa mfano wali mweupe na nyama au yai. Maharage, kabichi na matunda unaviacha. Unalala bila kula tena. Asubuhi huvuti sigara na hufanyi mazoezi, kwa sababu vyote viwili vinavuruga majibu. Kabla ya kuanza unasukutua mdomo, maana mdomoni nako kuna bakteria wao.

Unapuliza mara ya kwanza, hicho ndicho kiwango chako cha kuanzia. Kisha unakunywa maji yenye sukari maalumu. Inaweza kuwa glukosi gramu 75, au laktulosi gramu 10. Laktulosi ni sukari ambayo mwili wa binadamu hauwezi kuimeng'enya, yaani ni chakula cha bakteria tu. Baada ya hapo unakaa, unapuliza tena kila baada ya dakika 15 au 20, kwa saa mbili mpaka tatu. Ni kazi ya kuchosha, nenda na chaji ya simu.

Mwishoni daktari anapata mchoro wa mstari. Kwa mtu mwenye bakteria wake kamili, laktulosi ikifika utumbo mpana mstari unapanda. Kwa mtu aliyetoka kumeza antibiotiki kali, mstari unaweza kubaki chini, karibu umelala. Chakula cha bakteria kimefika, lakini walaji hawapo au wamepungua sana.

Kwa nini unaambiwa usubiri wiki nne?

Amoksilini uliyomeza kwa ajili ya koo haijui kwamba imetumwa kooni. Inapita tumboni, inaingia kwenye damu, inazunguka mwili mzima, na popote inapokutana na bakteria anayeweza kudhurika nayo, inampiga. Wale wa utumboni waliokuwa wakikusaidia kumeng'enya nyuzinyuzi wanapigwa kwa kosa lisilo lao.

Kwa muda gani? Mwaka 2018 watafiti wa Denmark walitoa matokeo kwenye jarida la Nature Microbiology baada ya kuwapa wanaume 12 wenye afya mchanganyiko wa antibiotiki tatu nzito kwa siku nne tu. Walipima choo, siyo pumzi. Jumuiya ya bakteria ilianguka vibaya mwanzoni, halafu ikajijenga upya na kukaribia hali yake ya zamani ndani ya mwezi mmoja na nusu hivi. Ila baada ya siku 180, aina tisa za bakteria ambazo wote walikuwa nazo mwanzoni zilikuwa bado hazionekani kwa wengi wao.

Nusu mwaka, kwa dawa ya siku nne. Kweli, hizo zilikuwa dawa nzito za hospitali, na dozi ya kawaida ya amoksilini haiwezi kulinganishwa nazo moja kwa moja. Lakini inaeleza kwa nini wataalamu wa Amerika Kaskazini, kwenye mwongozo wao wa kipimo cha pumzi wa mwaka 2017, walisema mgonjwa asiwe ametumia antibiotiki kwa wiki nne kabla ya kupuliza. Mwezi mzima. Ukipuliza mapema, mashine haitakuonyesha tumbo lako la siku zote, itakuonyesha tumbo lililotoka vitani.

Dawa siyo kitu pekee kinachofanya hivyo. Anayejiandaa kwa kipimo cha kamera ya utumbo mpana anakunywa dawa ya kuharisha mpaka maji yatoke meupe, na bakteria wengi wanaondoka nayo. Huyo naye anatakiwa asubiri.

Moshi upo, lakini nani anapika?

Fikiria umesimama kilimani jioni unatazama kijiji. Watu huwaoni, unaona moshi juu ya mapaa. Ukiona moshi mwingi, unajua watu wanapika. Siku ukikuta hakuna moshi hata nyumba moja, unajua kuna jambo limetokea. Haidrojeni ya kwenye pumzi ni moshi wa namna hiyo.

Sasa, baada ya wiki kadhaa moshi unarudi. Je, ni familia zile zile? Hapo kilimani huwezi kujua. Inawezekana wenye nyumba walihama na wapangaji wapya wameingia, wakawasha jiko lile lile. Tumboni ni hivyo hivyo. Kuchachusha sukari ni kazi ambayo aina nyingi za bakteria wanaijua. Aina moja ikifa, nyingine inachukua nafasi, na haidrojeni inarudi kiwango cha kawaida wakati kuna aina ambazo hazijarudi kabisa, kama zile tisa za Denmark.

Kwa maoni yangu hili ndilo watu wanaoshabikia kipimo hiki wanalipita haraka. Pumzi inakuambia kazi inafanyika au haifanyiki. Nani anaifanya, hilo litabaki kuwa swali la choo na maabara ya vinasaba.

Kuna mtego mwingine, na huu ni mkubwa zaidi. Haidrojeni haizalishwi tu, inaliwa pia. Ndani ya utumbo wako kuna vijidudu wanaoishi kwa kuila. Wanaojulikana zaidi ni kundi linaloitwa arkea, ambao si bakteria ingawa wanafanana nao kwa udogo. Arkea mkuu wa tumboni anaitwa Methanobrevibacter smithii. Anachukua molekyuli nne za haidrojeni na moja ya kabonidayoksaidi, anatengeneza molekyuli moja ya methani. Ndiyo maana baadhi ya watu wanapuliza methani nyingi na haidrojeni kiduchu, na bado matumbo yao yanachachusha kama kawaida.

Angalia sasa antibiotiki inavyoingia hapo. Amoksilini, kama ndugu zake wote wa ukoo wa penisilini, inaua bakteria kwa kuvuruga ujenzi wa ukuta wao. Arkea hawana ukuta wa aina hiyo, kwa hiyo amoksilini haina pa kuwashika. Metronidazoli, ambayo wengi tunaiita kwa jina la Flagyl, inafanya kazi kwa njia nyingine, na maabara zimeonyesha kwamba arkea hawa wanadhurika nayo.

Matokeo yake? Dawa moja inaweza kuua wazalishaji wa haidrojeni ikawaacha walaji, na haidrojeni ikashuka. Dawa nyingine inaweza kupiga walaji, na haidrojeni ikapanda, ukadhani bakteria wamestawi kumbe aliyekuwa akiila ndiye kaondoka. Ndiyo sababu mtaalamu makini anapima haidrojeni na methani pamoja. Akikupa namba ya haidrojeni peke yake na kusema tumbo limepona, una haki ya kumuuliza methani iko wapi.

Pale ambapo kushuka ndiyo lengo

Wapo wagonjwa ambao daktari anataka gesi ishuke. Utumbo mwembamba kwa kawaida una bakteria wachache ukilinganisha na utumbo mpana. Wakizidi huko, chakula kinaanza kuchachuka mapema, mtu anavimba tumbo na kuharisha. Kwenye mwongozo ule wa 2017, haidrojeni ikipanda kwa sehemu 20 kwa milioni au zaidi ndani ya dakika 90, inahesabiwa kuwa dalili ya hali hiyo. Kwa methani, sehemu 10 kwa milioni zinatosha kusema ni nyingi.

Tiba mara nyingi ni antibiotiki, na baadaye mgonjwa anaweza kupuliza tena kuona kama mstari umeshuka. Ubishi upo. Kwa baadhi ya watu laktulosi inakimbia haraka mpaka utumbo mpana, mstari unapanda mapema, na mtu asiye na tatizo anaambiwa analo. Akianzishiwa antibiotiki kwa msingi huo, anaharibiwa bakteria wake bure.

Kipimo hiki pia kimetoka nje ya hospitali za kitajiri. Mirpur, mtaa wenye msongamano jijini Dhaka, Bangladesh, watafiti waliwapima watoto 90 wa miaka miwili kwa kutumia glukosi na pumzi. Karibu mtoto mmoja kati ya sita alikuwa na bakteria waliozidi kwenye utumbo mwembamba, na hali hiyo ilihusiana na udumavu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016.

Vidonda vya tumbo: hapa ndipo watu wanaumia

Ndugu wa karibu wa kipimo hiki tayari kinatumika duniani kote kukagua kama antibiotiki zimefanya kazi. Ni kipimo cha pumzi cha Helicobacter pylori, bakteria anayeishi kwenye mfuko wa tumbo na kusababisha vidonda. Ni huyu ambaye Barry Marshall wa Australia alimnywa kwa makusudi mwaka 1984 ili kuonyesha kwamba analeta ugonjwa tumboni. Yeye na Robin Warren walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005.

Unameza kidonge au kinywaji chenye urea, ambayo kaboni yake ni ya aina nzito kidogo, kaboni-13, isiyo na mionzi. Seli za binadamu haziwezi kuvunja urea. H. pylori anaweza. Akiwepo, anaivunja, kaboni ile nzito inaingia kwenye damu kama kabonidayoksaidi, na baada ya nusu saa hivi unaipuliza kwenye mfuko. Asipokuwepo, pumzi inabaki ya kawaida.

Kanuni ya wiki nne ipo hapa pia. Baada ya kumaliza dozi, unasubiri angalau wiki nne ndipo upuliziwe kipimo cha kuthibitisha umepona. Dawa za kupunguza asidi kama omeprazoli unaacha wiki mbili kabla, kwa ushauri wa daktari. Sababu ni kwamba dawa inaweza kumpunguza bakteria bila kummaliza. Anabaki mdogo kiasi cha kutoonekana, kipimo kinasema hayupo, wewe unafurahi, halafu miezi miwili baadaye kidonda kinaanza upya.

Na huku kwetu hili si jambo la mbali. Ni watu wangapi unaowajua ambao tumbo likiuma wanakwenda duka la dawa, wananunua Flagyl au zile za rangi mbili, wanameza siku mbili, wakipata nafuu wanaacha? Halafu wiki inayofuata ndio wanakwenda hospitali kupima. Daktari akiuliza "umetumia dawa yoyote?", wanasema hapana, ama kwa aibu ama kwa sababu vidonge vinne hawavihesabu kuwa dawa. Kumbe vidonge hivyo vinne vinaweza kuficha ugonjwa.

Usidhani ukikwepa pumzi umepona. Kipimo cha H. pylori kwenye choo nacho kinavurugwa na antibiotiki kwa namna hiyo hiyo. Kile cha damu hakivurugwi, lakini kina tatizo lake. Kinatafuta kinga za mwili, na kinga hizo zinaweza kubaki kwenye damu muda mrefu baada ya bakteria kufa. Kwa hiyo damu haifai kukuambia kama umepona.

Basi nimeze vidonge vya bakteria wazuri?

Swali zuri, na jibu lake liliwashangaza wengi. Mwaka 2018 watafiti wa Taasisi ya Weizmann ya Israeli waliwapa watu 21 antibiotiki, kisha wakawagawa. Wengine waliachwa wapone wenyewe, wengine walipewa vidonge vya bakteria wazuri, wengine walirudishiwa bakteria wao wenyewe waliohifadhiwa kutoka kwenye choo chao kabla ya dawa. Waliorudishiwa wa kwao walipona haraka. Waliomeza vidonge walichelewa kurudi hali yao ya asili kuliko hata wale walioachwa tu. Utafiti ulikuwa mdogo na ulihusu mchanganyiko mmoja wa vidonge, siyo mtindi wako wa jioni.

Wengine wanajaribu kuachana na pumzi na kwenda kwenye chanzo. Mwaka 2018, timu iliyoongozwa na Kourosh Kalantar-zadeh wa Chuo Kikuu cha RMIT, Australia, ilichapisha majaribio ya kidonge chenye vihisi vya gesi ambacho mtu anakimeza, nacho kinatuma vipimo vya haidrojeni, kabonidayoksaidi na oksijeni kwenda nje kikiwa safarini tumboni. Kampuni ya FoodMarble ya Ireland nayo inauza kifaa cha kupulizia cha mfukoni kinachosoma haidrojeni na kuonyesha namba kwenye simu. Namba hizo zina mipaka ile ile ya moshi juu ya mapaa.

Kama una miadi ya kipimo cha pumzi au cha choo hivi karibuni, hesabu kurudi nyuma wiki nne. Antibiotiki yoyote iliyoingia mdomoni ndani ya siku hizo itaje, iwe dozi kamili au nusu, iwe yako au uliyopewa na jirani. Kama hukumbuki jina, beba pakiti yake.